Mtego Ulikaa Wiki Tatu Bila Nondo: Tumjue Funza wa Mahindi wa Asia na Jina Lake Halisi



Makala hii imekaa kwenye simu yangu muda mrefu bila kuiweka hapa, kwa sababu ndani yake kuna kosa langu mimi mwenyewe. Nimeona bora niliseme tu, maana nikikaa kimya kuna mwingine atapita njia ileile na hela yake itaenda.

Kiangazi kilichopita kijana mmoja anayelima mahindi ya kuchoma kwa umwagiliaji, ekari mbili, huku kwetu Kilosa, alikuta viwavi ndani ya mabua. Akapasua bua moja, akampiga kiwavi picha, akaiweka kwenye programu ya simu inayotambua wadudu. Programu ikamjibu: Ostrinia furnacalis. Akanitumia picha pamoja na jina kwa WhatsApp: "Kaka bwana shamba, ndiye huyu?"

Mimi nilikuwa njiani na pikipiki. Nikasimama kando ya barabara, nikaangalia: kiwavi wa rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo, madoadoa mgongoni, kichwa cha kahawia. Nikamjibu, "Inaonekana ndiyo, huyo ni funza wa mabua." Halafu nikaondoka. Kichwani kwangu funza wa mabua ni funza wa mabua, lile jina refu la kisayansi hata sikulisoma vizuri.

Kumbe mwenzangu alilichukua jina lile kama lilivyo, akaingia mtandaoni, akaagiza kutoka nje vivutio vya feromoni vilivyoandikwa jina hilohilo. Vikafika. Akatundika mitego minne ya gundi. Wiki tatu zikapita, hakuna hata nondo mmoja. Akanipigia kwa furaha: "Kaka, nondo wameisha!" Akaacha kukagua shamba, akabaki anaangalia mitego tu.

Mnunuzi alipokuja kuchukua mzigo akaanza kumenya mahindi hapo hapo shambani. Kila akimenya anakuta unga wa kinyesi cha kiwavi kwenye ncha ya hindi. Tukapasua mabua 10 tukiwa pamoja, 7 yalikuwa na njia za viwavi ndani. Mnunuzi akaondoka, na mahindi yakauzwa kwa watu wa mifugo kwa bei ambayo sitaitaja, maana bado inauma.

Yule kiwavi hakuwa Ostrinia. Alikuwa Chilo partellus, ambaye tunaye hapa nyumbani miaka mingi. Mitego ilikuwa mizima, gundi nzuri, harufu nzuri. Tatizo ni kwamba ilikuwa inamwita nondo anayeishi Asia, sio Kilosa.

Baada ya hapo nilikaa chini nikaanza kumsoma huyo Ostrinia ni nani hasa. Nilichokikuta kilinishangaza: huko kwao, China na Japani, na wao walimchanganya na ndugu yake kwa miaka mingi, na harufu ndiyo iliyokuja kumaliza ubishi. Ndiyo habari ninayotaka tuongee leo.

HUYU NONDO NI NANI?

Ostrinia furnacalis ni nondo ambaye kiwavi wake anatoboa mabua na magunzi ya mahindi. Anapatikana China, Korea, Japani, nchi za kusini mashariki mwa Asia kama Ufilipino, hadi visiwa vya Pasifiki na kaskazini mwa Australia. Kwa mkulima wa mahindi wa China huyu ndiye adui wa kila msimu, kama sisi tunavyomwona kiwavijeshi vamizi.

Wajapani wanamwita awa-no-meiga. Hiyo "awa" sio mahindi. Ni nafaka ndogo ya zamani, inayofanana kwa mbali na uwele wetu. Fikiria kidogo hapo. Mahindi asili yake ni Amerika, yalifika Asia baada ya safari za Wazungu za kuanzia mwaka 1492. Kwahiyo huyu nondo alikuwepo Asia kabla ya mahindi, akila nafaka nyingine na magugu yenye bua nene. Mahindi yalipofika akakuta chakula kikubwa, laini, kimepandwa mistari kwa mistari. Akahamia. Jina la Kijapani bado linakumbuka chakula chake cha kwanza.

ANAVYOONEKANA

Mayai: jike hutaga chini ya jani, karibu na mshipa wa kati, mayai bapa yaliyolaliana kama magamba ya samaki. Yakikaribia kuanguliwa unaona nukta nyeusi ndani ya kila yai. Ile nukta ni kichwa cha kiwavi.

Kiwavi: ana rangi ya maziwa au kijivu chenye wekundu, kichwa cheusi au kahawia nzito. Akikomaa anafika kama sentimita mbili na nusu. Ukimtazama mgongoni, kwenye kila pingili ya tumbo kuna vidoa vinne mbele, na nyuma yake viwili vidogo zaidi.

Uharibifu: kiwavi mdogo anakula kwenye moyo wa mmea. Jani likifunguka unaona matundu yamejipanga mstari. Baadaye anaingia kwenye mbelewele, kwenye bua na kwenye hindi lenyewe. Bua linavunjika kwa upepo, na hindi linaingia ukungu.

Nondo: upana wa mabawa yakifunguliwa ni kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Jike ana rangi ya manjano hafifu, dume ni wa kahawia zaidi na mdogo kidogo. Mabawa ya mbele yana mistari ya kahawia yenye meno meno kama msumeno inayokata bawa. Akitua anakaa umbo la pembetatu.

Sasa soma tena hayo maelezo ya mayai na kiwavi. Chilo partellus wetu naye hutaga mayai bapa yaliyolaliana. Naye kiwavi wake ana rangi ya maziwa, madoadoa na kichwa cha kahawia. Ndiyo maana programu ya simu ilidanganyika, na mimi nikadanganyika pamoja nayo. Hapo tulikuwa tunatazama picha moja, ya pembe moja, ya hatua moja tu ya maisha ya mdudu.

ANAKAA WAPI KWENYE NGAZI YA UAINISHAJI?

Wale mliosoma kilimo mnakumbuka ngazi: oda, familia, jenasi, spishi. Nitaipita haraka, ila usiruke, ina faida.

Oda ni Lepidoptera, yaani vipepeo na nondo wote. Familia ni Crambidae, ambayo zamani ilihesabiwa ndani ya familia ya Pyralidae, kwahiyo ukisoma vitabu vya zamani usishangae. Jenasi ni Ostrinia. Spishi ni furnacalis.

Chilo partellus naye ni Crambidae. Kwahiyo hawa wawili ni watu wa ukoo mmoja, ila nyumba tofauti. Lakini Busseola fusca, yule funza wa mabua anayesumbua wenzetu wa nyanda za juu, pamoja na kiwavijeshi vamizi, hao ni wa familia nyingine kabisa, Noctuidae.

Kuna alama moja ya kuona familia ambayo inahitaji lenzi ya mkono tu, ile ya kukuza mara 10. Mgeuze kiwavi chali. Katikati ya tumbo ana miguu ya uongo, minene, laini. Kwenye nyayo za miguu hiyo kuna vindoano vidogo sana. Vikiwa vimejipanga kama mwezi mwandamo, huyo ni wa Noctuidae, mfano Busseola. Vikiwa vimejipanga mduara, huyo ni wa Crambidae. Kwa Chilo mduara unafunga kabisa. Kwa Ostrinia mduara haufungi, una pengo upande mmoja.

Ningemwambia kijana ageuze kiwavi, tungejua. Dakika mbili tu.

KWA NINI HATA WATAALAMU WALIMCHANGANYA

Ulaya kuna ndugu yake anaitwa Ostrinia nubilalis, alipewa jina na Hübner mwaka 1796. Huyo ndiye aliyevuka bahari hadi Marekani na kugunduliwa karibu na Boston mwaka 1917, akawa tishio kubwa la mahindi kule. Kwa sababu ya umaarufu wake, karibu kila nondo wa Asia anayetoboa mahindi na kufanana naye aliitwa kwa jina hilohilo la nubilalis. Na hili jina la furnacalis lilikuwepo tayari, lilitolewa na Mfaransa Guenée mwaka 1854. Ila watu walikuwa wanatazama mabawa, na mabawa yanafanana, basi wote wakawekwa kapu moja.

Mwaka 1970 wataalamu wawili, Akira Mutuura na Eugene Munroe, walichapisha kazi kubwa ya kuipanga upya jenasi ya Ostrinia. Wao hawakuishia kwenye mabawa. Walipasua viungo vya uzazi vya madume chini ya hadubini. Dume ana kitu kama ndoano mwishoni mwa tumbo, anachomshikia jike. Kuna spishi ambazo ncha ya ndoano hiyo ni moja, kuna zenye ncha mbili, na kuna zenye ncha tatu. Wakatazama pia miguu ya kati ya dume: spishi nyingine ina mguu wa kawaida, nyingine mguu mnene wenye manyoya kama brashi.

Kwa nini viungo vya uzazi? Rangi ya bawa inaweza kubadilika kwa joto, kwa chakula, hata kwa magamba kupukutika nondo akiruka ruka. Viungo vya uzazi havibadiliki ovyo namna hiyo, kwahiyo vinabeba ukoo vizuri zaidi.

Kazi yao ikamtoa furnacalis kwenye kivuli cha nubilalis, akasimama kama spishi yake. Lakini bado kulikuwa na ugumu. Furnacalis na nubilalis wote wana ndoano ya ncha tatu, wote wana mguu wa kati wa kawaida. Tofauti zilizobaki ni vitu vidogo vya miiba midogo ndani ya viungo hivyo, vinavyohitaji mtu mwenye mkono mzuri na jicho lililozoea. Mtu anaweza kuuliza: hivi kweli hawa ni wawili, au ni mmoja mwenye sura mbili?

HARUFU IKATOA JIBU

Nondo hawa wanaonana usiku, na hawatafutani kwa macho. Jike anatoa feromoni, harufu kidogo sana inayosafiri na upepo. Dume anaipokea kwa papasi zake na kuifuata mpaka alipo jike.

Harufu ya nubilalis wa Ulaya ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 1980 harufu ya furnacalis ikatangazwa nayo. Nitaieleza bila kemia nyingi. Fikiria mnyororo wenye pingili 14. Kwenye mnyororo huo kuna sehemu moja ambapo pingili mbili zimefungwa kwa fundo la mara mbili. Kwa nubilalis fundo hilo linaanzia pingili ya 11. Kwa furnacalis linaanzia pingili ya 12. Basi. Hiyo ndiyo tofauti. Mnyororo urefu uleule, fundo limesogea hatua moja.

Kwa mtu asiyejua anaona ni kitu kidogo. Kwa dume ni sawa na jino la ufunguo kusogea, kufuli halifunguki. Kwa kawaida dume wa Asia hafuati harufu ya Ulaya, na wa Ulaya hafuati ya Asia. Na kama hawafuatani, hawaoani. Na kama hawaoani huko porini, hapo una spishi mbili hata kama mabawa yao yametoka kiwanda kimoja.

Ila usidhani harufu peke yake inamaliza kila kitu. Japani kuna Ostrinia mwingine, scapulalis. Huyu harufu yake ni ya fundo la pingili ya 11, kama yule wa Ulaya. Lakini dume wake ana mguu wa kati mnene wenye brashi, ambao wa Ulaya hana. Kwahiyo scapulalis na nubilalis wanagawana harufu wakitofautiana miguu, na furnacalis na nubilalis wanagawana miguu wakitofautiana harufu. Ukishika alama moja tu utakosea upande mmoja au mwingine. Na wataalamu bado wanabishana kama scapulalis na nubilalis ni wawili kweli au mmoja, hata vinasaba havijamaliza ubishi.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, niliweka simu chini. Ile mitego minne ya kijana wetu ilikuwa imetoa jibu lilelile: anayekula mahindi haya siye niliyeandikwa kwenye pakiti. Sisi tukaisoma vibaya, tukadhani inasema shamba ni salama.

WENZETU WALIPATA FAIDA GANI KWA KUMJUA?

Mtu anaweza kusema, mdudu ni mdudu, piga dawa. Angalia China.

Kwanza, wanajua ratiba yake. Kaskazini mashariki, kwenye baridi kali, anatoa kizazi kimoja au viwili kwa mwaka. Kusini kabisa vizazi vinaweza kufika sita. Majira ya baridi kiwavi aliyekomaa analala ndani ya mabua makavu. Kwa kujua hilo, kuna maeneo wanashughulika na malundo ya mabua kabla nondo hawajatoka, hata kwa kupulizia kuvu aitwaye Beauveria anayewaua viwavi humo humo.

Pili, wanatumia nyigu wadogo sana wa jenasi ya Trichogramma, wadogo kuliko nukta hii ya mwisho wa sentensi. Nyigu jike anatafuta yai la nondo na kutaga ndani yake, kwahiyo badala ya kiwavi kutoka anatoka nyigu. Mkoa wa Jilin ni maarufu kwa kuwaachia nyigu hawa kwenye mashamba ya mahindi kwa eneo kubwa. Lakini lazima waachiwe wakati mayai yapo. Ukikosea mdudu unakosea tarehe, na nyigu wanakufa bila kazi.

Hata kwetu jambo hili limefanyika. Chilo partellus asili yake ni Asia, alionekana Afrika miaka ya 1930. Kwa kujua ni nani na kwao ni wapi, watafiti wa icipe pale Kenya walimleta kutoka Pakistan nyigu anayemshambulia, Cotesia flavipes, na kumwachia pwani ya Kenya mwaka 1993. Wangekuwa wamemwita tu "funza", wasingejua waende kumtafuta adui yake nchi gani.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Ninachofanya mimi tangu siku ile, na ninachokuomba ufanye, ni hiki.

1. Usimtambue mdudu kwa picha moja. Piga mgongo, kichwa, mwisho wa tumbo na nyayo za miguu ya uongo. Weka rula pembeni. Kiwavijeshi vamizi utamjua kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na vidoa vinne vya mraba karibu na mwisho wa mwili. Mayai yake nayo yamefunikwa manyoya kama sufi. Busseola hana madoa ya kuonekana wazi kama Chilo, na mayai yake ameyaficha kati ya ala ya jani na bua.

2. Fuga. Chukua viwavi watano au sita, weka kwenye chupa pana pamoja na vipande vya bua bichi, funika kwa kitambaa chepesi, badilisha chakula wakioza. Subiri wawe pupa, halafu nondo. Nondo anasema mengi kuliko kiwavi. Chilo akitua anakunja mabawa membamba kuambatana na mwili, na mbele ya kichwa ana kama mdomo uliochongoka. Akitoka nondo wa pembetatu mwenye mistari ya msumeno kwenye mabawa, usimtupe, nipigie siku hiyohiyo. Anaweza kuwa mgeni.

3. Programu ya simu itumie kama mtu anayekudokezea, isiwe hakimu. Ikikupa jina, uliza kwanza: huyu mdudu anaishi nchi gani? Jina la mdudu wa Asia likitokea kwenye shamba la Kilosa, ama simu imekosea, ama kuna mgeni hatari ameingia. Yote mawili yanahitaji mtu wa kuthibitisha. Peleka sampuli kwa afisa ugani wako, naye aipeleke TPHPA au kituo cha TARI kilicho karibu.

4. Ukinunua kivutio cha feromoni, soma jina la kisayansi lote, maneno mawili. "Kwa ajili ya funza wa mahindi" haitoshi. Umeona jinsi hatua moja ya pingili inavyofanya mtego uwe pambo. Na usiagize kiholela kutoka nje, uliza kwanza kama kimesajiliwa hapa nchini.

5. Mtego mtupu usikufanye ulale. Ukiwa umetega wiki moja na hujapata kitu, ingia shambani. Kagua mimea 20 mfululizo sehemu tano tofauti. Fungua moyo wa mmea, tazama chini ya majani, pasua bua moja au mawili. Ukiona matundu mapya na mtego hauna nondo, tatizo liko kwenye mtego, sio kwenye macho yako.

6. Dawa ya funza wa mabua inafanya kazi kabla hajaingia ndani ya bua. Akishaingia unapulizia majani tu na kumaliza hela. Ndiyo maana nasisitiza kumjua mapema, akiwa yai au kiwavi mdogo.

Kwa upande wangu, mimi sijibu tena picha nikiwa kwenye pikipiki. Ukinitumia mdudu nitakuuliza maswali mengi mpaka unichoke. Nitakwambia mgeuze, mpime, umepanda nini, mwinuko wa shamba ni upi. Ukiona nachelewa kukujibu, ujue sijakupuuza, natafuta.

Na yule kijana? Amelima tena msimu huu. Ana chupa tatu kwenye dirisha la chumba chake, kila moja imeandikwa tarehe na namba ya jaruba. Wiki iliyopita alinitumia picha sita za kiwavi mmoja pamoja na rula. Chini yake ameandika, "Kaka, vindoano vimefunga mduara. Ni Chilo. Bado wako kwenye majani, hawajaingia." Nilimfuata kesho yake asubuhi tukakagua pamoja, na alikuwa sahihi.

Kama una chupa yako dirishani na hujui kilichotoka humo, nitumie picha, mgongo na tumbo. Tuko pamoja, tuonane shambani.